Nyayo Juu ya Majina ya Meli: Masimulizi ya Nantes

Katikati ya jiji la Nantes, magharibi mwa Ufaransa, kuna kisiwa kisichozungukwa na maji. Kinaitwa Île Feydeau, na wenyeji bado wanakitaja kuwa ni kisiwa ingawa leo kimezungukwa na majani, vijia, reli za tramu na viti vya mikahawa. Zamani maji yalikuwepo. Mto Loire, mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa, ulipita hapa ukiwa umegawanyika mikono kadhaa, hadi kati ya miaka ya 1920 na 1940 wakuu wa jiji walipofukia baadhi ya mikono hiyo na kupitisha barabara juu yake. Bandari ikasogea mbali, majumba ya matajiri yakabaki nchi kavu.

Nilipanga chumba karibu na hapo, ghorofa ya juu ya nyumba ya karne ya 18. Sakafu yake imeinama kiasi kwamba chungwa likidondoka karibu na mlango linabingirika lenyewe hadi chini ya dirisha. Mama mwenye nyumba hakuona ajabu yoyote. Majumba haya, alieleza, yalijengwa juu ya mchanga na nguzo za mbao, na tangu hapo yamekuwa yakititia polepole, upande mmoja kuliko mwingine. Ukishuka mtaa wa Kervégan ukatazama juu, unaona kuta zilizoegemeana, hii imelalia kushoto na ile kulia, pamoja na baraza za chuma kilichosukwa kwa ustadi mkubwa. Juu ya madirisha zimechongwa nyuso za mawe: miungu ya bahari yenye ndevu nene, wanawake, viumbe vya kutisha na, ukitafuta kwa makini, uso wa Mwafrika.

Aliyejenga hapa alikuwa mwenye meli. Katika karne ya 18 Nantes ilikuwa bandari ya kwanza ya Ufaransa katika biashara ya watumwa. Meli zilizofungwa kamba kwenye gati hizi zilifanya takriban safari 1,800 kwenda kuchukua watu Afrika na kuwavusha Atlantiki. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40 ya safari zote za namna hiyo zilizofanywa na Wafaransa, na watu waliopakiwa ni kama nusu milioni. Fedha za sukari, kahawa na pamba zilizorudi na meli hizo ndizo zilizolipa waashi, wachongaji na wafua chuma wa Feydeau. Uzuri wa mtaa huu hauwezi kutenganishwa na hesabu hiyo, na jambo lililonifanya nikae Nantes muda mrefu kuliko nilivyokusudia ni kwamba jiji lenyewe limekubali kuisema hesabu hiyo hadharani.

Kufika si kazi. Treni ya kasi kutoka kituo cha Montparnasse, Paris, hutumia saa mbili na ushee. Hewa inabadilika mara tu unaposhuka: upepo wa Atlantiki una unyevu, mvua nyepesi huja na kuondoka mara kadhaa kwa siku, na watu hawahangaiki na miavuli. Jiji lina wakazi zaidi ya laki tatu, si kubwa la kumpoteza mtu wala dogo la kumchosha. Jambo moja tu mgeni asilisahau. Hapa salamu hutangulia kila kitu. Ukiingia duka la mikate, famasi au ofisi, unasema "Bonjour, madame" kabla ya kutaja shida yako, na ukitoka unaaga. Mtu wa Pwani, aliyelelewa akijua kwamba mazungumzo bila kujuliana hali ni utovu wa adabu, atajisikia nyumbani mapema kuliko anavyodhani.

Safari ya kawaida ya mtalii huanza kwenye ngome ya Watawala wa Bretagne. Nje ni ukuta mzito wa mawe meusi na handaki la maji. Ndani ni jumba jeupe la mawe laini ya bonde la Loire, lenye madirisha yaliyopambwa kama ya kanisa. Mtawala François wa Pili alianza kulijenga mwaka 1466, na binti yake Anne akazaliwa hapo mwaka 1477. Anne aliolewa na wafalme wawili wa Ufaransa waliofuatana: Charles wa Nane, kisha Louis wa Kumi na Mbili, ambaye ndoa yake ilifungwa katika kanisa la ngome hii hii mwezi Januari 1499. Kwa ndoa hizo Bretagne, nchi iliyokuwa na mtawala wake, ikavutwa kuingia Ufaransa. Alipofariki mwaka 1514 mwili wake ulizikwa Saint-Denis pamoja na wafalme, lakini moyo wake aliagiza upelekwe Nantes, ukawekwa ndani ya chombo cha dhahabu chenye taji. Mwaka 2018 wezi walikiiba chombo hicho katika makumbusho ya Dobrée. Polisi walikipata siku chache baadaye kimefukiwa ardhini karibu na Saint-Nazaire.

Mpaka leo watu wa Nantes wanabishana kama wao ni Wabretoni. Kiutawala jiji liko mkoa mwingine. Bendera nyeusi na nyeupe ya Bretagne inapepea kwenye madirisha mengi hata hivyo, na mgeni mwenye busara husikiliza tu.

Ni katika mji huu pia ambapo Mfalme Henri wa Nne, mwezi Aprili 1598, alitoa Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu baada ya miaka mingi ya Wafaransa kuuana kwa ajili ya dini. Kila mwanafunzi wa historia ameisikia. Mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta mwezi Oktoba 1685. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka huo huo wa 1685, miezi michache kabla, mfalme yule yule alitoa ile sheria inayoitwa Code Noir, iliyopanga namna ya kummiliki, kumwadhibu na kumrithisha mtumwa katika visiwa vya Karibi. Mkono mmoja uliondoa uhuru wa dhamiri na kuandika mtu mweusi kuwa mali, ndani ya mwaka mmoja. Nilisimama kwa muda nikiziweka tarehe hizo mbili sambamba. Sijui kwa nini vitabu vya shule huziweka katika sura tofauti.

Ndani ya ngome, tangu mwaka 2007, kuna makumbusho ya historia ya jiji. Vyumba vya biashara ya watumwa havikufichwa pembeni, viko katikati ya mzunguko, na kila anayetaka kuijua Nantes lazima avipitie. Humo mna michoro ya rangi ya maji ya meli iitwayo Marie-Séraphique, iliyochorwa katika miaka ya 1770. Mmoja unaonyesha meli kwa tabaka, kana kwamba imekatwa. Mapipa ya maji yamepangwa chini, na juu yake, kwenye sakafu ya mateka, kuna miili midogo myeusi iliyolazwa bega kwa bega, wanaume sehemu moja na wanawake sehemu nyingine, hakuna nafasi ya kugeuka. Mchoro mwingine unaonyesha meli ikiwa imetia nanga Saint-Domingue, nchi inayoitwa Haiti siku hizi. Siku ya mauzo imefika. Wanunuzi wazungu wamejaa sitahani wamevaa vizuri, na wengine wanakula na kunywa nyuma ya meli huku watu waliovuka bahari wakikaguliwa. Mchoraji ametia rangi kwa uangalifu, mavazi, kamba, matanga, hata mawimbi. Watoto wa shule waliokuwa mbele yangu walinyamaza wote, na mwalimu wao hakuwaharakisha.

Kabati la jirani lina bidhaa zilizopelekwa Afrika kubadilishana na watu: bunduki, shanga, simbi zilizovuliwa Maldivi, na vitambaa. Vitambaa ndivyo vilivyonishika. Viwanda vya Nantes vilichapa pamba kwa maua na ndege wa rangi kali, vikiiga vitambaa vya India, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikusudiwa masoko ya Afrika Magharibi. Kwa mtu aliyekulia penye kanga, ambako nguo ni zawadi, ni heshima, ni barua, ni vigumu kupita hapo haraka. Nguo nzuri kama ile, iliyochapwa kwa ustadi, ilipimwa kwa pima kuwa bei ya binadamu.

Kutoka ngome hadi kumbukumbu ya mto ni mwendo mfupi wa miguu, kando ya gati liitwalo Quai de la Fosse. Tarehe 25 Machi 2012 jiji lilizindua hapo Kumbukumbu ya Kukomeshwa kwa Utumwa, kazi ya msanii Krzysztof Wodiczko na msanifu majengo Julian Bonder. Juu ni uwanja wa wazi wa matembezi, na sakafuni mwake vimepandwa vibao 2,000 vya kioo, vidogo, kimoja hapa kingine pale. Vibao 1,710 vina majina ya meli na mwaka wa kuondoka kwake. Vilivyosalia 290 vina majina ya vituo vya biashara, bandari za njiani na bandari za mauzo, Afrika, Amerika na Bahari ya Hindi. Watu wanapita juu yake wakienda kazini. Wengine wanakimbia mazoezi, wengine wanasukuma watoto kwenye vigari. Ukiinama unasoma majina ya watakatifu, majina ya kike, majina ya upole ambayo mtu angempa bintiye. Mengi hayadokezi hata kidogo kilichokuwa tumboni mwa chombo.

Kisha unateremka ngazi. Chini ya gati kuna njia ndefu yenye giza kiasi, kati ya ukuta wa zamani wa bandari na mto wenyewe, na unasikia maji yakigonga nguzo, yakipanda na kushuka kwa nguvu ya bamvua linalofika mpaka hapa kutoka baharini. Kioo kinene kimeinamishwa urefu wote wa njia, kimeandikwa maneno ya waliopinga utumwa na ya waliouonja, wa mabara na zama mbalimbali. Hakuna kiingilio. Hakuna muziki. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akisoma kwa kidole, kibao baada ya kibao, na watu wakimpisha.

Kazi hii haikuja kirahisi. Kwa muda mrefu Nantes haikutaka kuzungumza. Katika miaka ya 1980 wakuu wa jiji walikataa kuunga mkono maadhimisho ya historia hiyo. Wananchi wachache wakaunda chama, wakaandaa maonyesho makubwa ndani ya ngome kuanzia mwaka 1992 hadi 1994, na umati uliofika ulionyesha kwamba watu walikuwa tayari kusikia kabla ya viongozi wao. Mwaka 1998, Ufaransa ilipotimiza miaka 150 tangu kukomesha utumwa, sanamu iliwekwa kwenye gati. Usiku mmoja, muda si mrefu baadaye, watu wasiojulikana wakaiharibu. Uharibifu huo ndio uliochochea uamuzi wa kujenga kitu cha kudumu, kisichoweza kung'olewa usiku mmoja. Mitaa yenye majina ya wenye meli za watumwa, kama Kervégan na Guillaume Grou, haikubadilishwa majina. Jiji liliamua kuongeza maelezo yanayosema hawa walikuwa nani na mali yao ilitoka wapi. Nakubaliana na njia hiyo. Jina likifutwa, mjukuu hana pa kuuliza swali.

Na Mswahili ana swali lake la kuuliza pale. Wafaransa hawakuishia Atlantiki. Mashamba ya kahawa na miwa ya Île de France, ndiyo Morisi ya leo, na ya Bourbon, ndiyo Réunion, yalidai watu, na watu hao walitafutwa Msumbiji na katika pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Mkataba ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa kwetu, na mateka walitoka bara, nyuma ya Kilwa, wakiletwa kwa misafara. Anayesimama Quai de la Fosse akitokea Lindi au Unguja hawezi kuwa mtazamaji wa aibu ya wengine tu. Mkunazini, mjini Unguja, kanisa la Kianglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na vyumba vya chini vinaonyeshwa kwa wageni. Kilwa Kisiwani, mgeni huelezwa mengi juu ya dhahabu ya Sofala na Msikiti Mkuu. Ule mkataba wa 1776 unastahili kibao chake pale, kwa Kiswahili, mahali watoto wa shule watakapokisoma.

Historia hiyo inafika mpaka mezani. Keki ya jadi ya hapa, gâteau nantais, ni ya siagi, lozi, sukari nyingi na ramu, juu imepakwa sukari nyeupe laini. Siagi ni ya Bretagne. Sukari na ramu ziliingia bandarini kutoka visiwa vya Karibi, tena kwa wingi, hata zikawa za mwokaji wa kawaida. Asiyetumia kileo aulize kabla ya kuonja. Chakula cha kila siku ni chepesi zaidi, galette ya unga wa ngano nyeusi, nyembamba, pembezoni inakauka na kuvunjika, katikati inabaki laini, imekunjwa juu ya yai na jibini. Biskuti mashuhuri ya Petit Beurre nayo ni ya hapa, iliyobuniwa mwaka 1886 na Louis Lefèvre-Utile. Kiwanda chake cha zamani, chenye mnara wa mapambo, sasa ni nyumba ya sanaa na michezo ya kuigiza iitwayo Le Lieu Unique.

Soko kuu la chakula ni Talensac, lenye paa, linalotumika tangu mwaka 1937. Asubuhi ya Jumamosi huwezi kupita bila kugusana mabega. Chaza wamepangwa kwa ukubwa, samaki wa Loire na wa bahari wamelazwa juu ya barafu, na wakulima wa kando ya jiji wameleta marundo ya mchicha mdogo wa saladi uitwao mâche, fahari ya mabustani ya Nantes. Nikiwa kwenye foleni ya samaki nikipiga simu nyumbani, mtu nyuma yangu aliingilia kwa Kiswahili: "Yaya, unatokea wapi?" Alikuwa mtu wa Bukavu, mkazi wa Nantes kwa miaka mingi. Tulizungumza mpaka muuzaji akatukumbusha kwamba zamu yetu imefika. Ndiye aliyenishauri nirudi kwenye kumbukumbu baada ya magharibi, kwa sababu vibao vinawashwa taa kwa chini. Nilirudi, na kweli. Majina yaliyokuwa yakipotea mchana kati ya nyayo yanakuwa ndiyo kitu pekee unachokiona.

Upande wa pili wa mto, katika kisiwa ambacho bado kina maji yake, palikuwa na viwanda vya kuunda meli. Cha mwisho kilifungwa mwaka 1987, na maelfu ya watu walikuwa wamekwisha poteza kazi waliyorithi kwa baba zao. Mahali hapo, mwaka 2007, François Delarozière na Pierre Orefice walifungua Machines de l'île, karakana ya wanyama wa mitambo. Tembo wao ana kimo cha mita 12 na uzito wa tani 48, wa chuma na mbao, hubeba abiria 50 na kutembea polepole uwanjani akipepesa macho na kurusha maji kwa mkonga. Nimewaona tembo wa kweli Ruaha, nikadhani huyu hatanishtua. Alinishtua kwa sauti ya pumzi yake. Mafundi wanafanya kazi mbele ya watu, na wazee waliowahi kuunda meli hapo huja na wajukuu kuwaonyesha palipokuwa na mashine zao.

Kuzunguka jiji ni rahisi. Nantes ndiyo iliyorudisha tramu Ufaransa mwaka 1985, baada ya miji mingi kung'oa reli, na tangu Aprili 2021 usafiri wa umma ni bure mwisho wa wiki. Tramu hupita pia barabara ya Cours des 50-Otages, iliyopewa jina la mateka waliouawa na Wajerumani mwezi Oktoba 1941 kulipiza kisasi cha afisa wao aliyepigwa risasi mjini. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lina kaburi la wazazi wa Anne, lililochongwa na Michel Colombe mwanzoni mwa karne ya 16. Kaburi lilinusurika moto wa tarehe 18 Julai 2020. Kinanda kikubwa cha karne ya 17 hakikunusurika.

Mwana mashuhuri kuliko wote wa jiji hili alizaliwa mwaka 1828 palepale Feydeau. Ni Jules Verne. Makumbusho yake yalifunguliwa kwenye kilima cha Sainte-Anne mwaka 1978, yakitazama mto na mahali meli zilipogeuka kuelekea baharini. Katika riwaya iliyompa jina, ya mwaka 1863, safari ya angani inaanzia Zanzibar. Mwingereza mmoja na wenzake wawili wanapanda puto kisiwani, wanavuka bara juu ya Kazeh, maeneo ya Tabora, na kuishia Senegal. Verne hakuwa amefika Afrika Mashariki. Alichukua habari zake kwa wasafiri kama Burton na Speke, na aliwaona Waafrika kwa macho yao, tena vibaya. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mwaka 1831, ndipo sheria kali ilipozima biashara ya magendo ya watumwa ambayo Nantes iliiendeleza miaka mingi baada ya kupigwa marufuku. Alijifunza kutembea chini ya nyuso zile za mawe, na ndoto zake za kusafiri zilianzia kwenye gati zile zile.

Kwa anayepanga kwenda, ushauri wangu ni wa mpangilio. Wengi huanza na tembo, kisha ngome, na kumbukumbu ya mto huipitia jioni ya mwisho kama muda umebaki. Aanze na mto. Asome vibao vingi awezavyo, ateremke ngazi, kisha ndipo apande Feydeau kutazama madirisha, aingie ngome, aonje keki. Majengo hayatapungua uzuri, lakini atajua anatazama nini. Na kwenye sakafu ya gati atafute vibao vya Bahari ya Hindi. Ni vichache kuliko vya Atlantiki, na vinahitaji mtu wa kwetu wa kuinama kuvisoma.